Hatua Arobaini na Sita

4 Februari

Mpwa wangu Penseli,

Hujambo mama? Mimi ni mzima, tena mzima wa kupitiliza. Goti limeacha kulia, na jana nimepanda kiti kubadilisha balbu bila kumwita mtu. Baba yako, huyo kaka yangu asiyesikia la mtu, amenunua baiskeli. Miaka sitini na sita! Kaanguka mara mbili wiki ya kwanza, na mara zote mbili, eti, barabara ndiyo iliyomkimbia. Mama yako amemnunia tangu Jumatano, lakini anamkanda mguu asubuhi na jioni. Ananuna huku anakanda. Hiyo ndiyo ndoa yao, tusiiguse.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Simu haina pambizo. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na nne, bila pambizo siwezi kufikiri.

Sasa sikiliza. Unajua nyumba yangu mpya ni ya mwisho mtaani, huku pembezoni ambako mji bado unanuka rangi na saruji. Baada yangu kuna kiwanja kimoja kitupu, Kiwanja 61, kisha ukuta, kisha mtaa wa watu wengine. Na kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kutoka nyuma ya ukuta ule, inakuja harufu ya mkate. Si harufu ya kawaida, Penseli. Ni harufu ya kumtoa maiti sandukuni akaulize bei.

Leo nikasema naifuata. Nikatoka getini nikihesabu hatua, unanijua. Mtaa wetu ukanitupa kwenye mtaa mwingine, huo ukanirudisha nilikotoka, wa tatu ukaniishia mbele ya banda la kuku la mtu. Mwishowe nikatokea lango kuu, ambalo ndilo lango pekee tulilonalo. Hapo barabara kuu, malori, vumbi. Kisha lango la wale wenzetu, nao wana moja tu, kisha mizunguko kama utumbo. Nilipofika dukani nimehesabu hatua 5,830, na mikate imekwisha! Nageuka kwa hasira, naona nini? Paa la jikoni kwangu! Lile pale, juu ya ukuta, na shuka nililoanika linanipungia.

Mwokaji akacheka. Nikamwamuru ahesabu hatua kutoka mlango wake hadi ukutani, akaenda akarudi, kumi na mbili. Nilivyorudi nikahesabu upande wangu kupitia kiwanja kitupu, thelathini na nne. Jumla arobaini na sita. Gawanya mwenyewe. Nimetembea karibu mara mia na ishirini na saba ya safari yenyewe, nikarudi mikono mitupu.

Aliyechora mtaa huu angekuwa mwanafunzi wangu ningemsimamisha ubaoni mpaka kengele ilie. Wewe unafanya kazi mipango miji. Hebu nieleze, mtu mwenye akili zake timamu anachoraje njia isiyokwenda popote?

Wako shangazi,
Bi Rula (kama wanafunzi wangu wanavyoniita wakidhani sisikii)


27 Februari

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imenifikia baada ya siku kumi na tisa. Nadhani tarishi wa huko kwenu naye alikuwa anatafuta lango.

Mimi niko salama. Nimekonda kidogo, usimwambie mama. Chumba nilichopanga kina dirisha linalotazama dirisha la mtu anayejifunza tarumbeta. Wimbo anaujua nusu, ile nusu nyingine tunaisubiri sote jengo zima. Habari ya baiskeli ilinifanya nicheke kwenye lifti mbele ya mkuu wangu wa idara, nikalazimika kumweleza, naye akacheka mpaka ghorofa ya tatu.

Umeniuliza juu ya njia zisizokwenda popote. Shangazi, umegusa kazi yangu yenyewe. Nimepewa jukumu la kuupima mji wetu huu kuanzia katikati kwenda nje, kama mtu anayehesabu miduara kwenye gogo lililokatwa. Katikati, mitaa ya zamani imefumwa kama jamvi. Ukikuta pamezibwa unakata kulia, unakata kushoto, unafika. Kati ya kila mitaa mia, minane tu ndiyo isiyotokea upande wa pili. Ukisogea kwenye nyumba zilizojengwa nilipokuwa mtoto, ni ishirini. Ukifika pembezoni, kwenye rangi mbichi kama kwako, ni arobaini na moja! Kila kampuni inanunua shamba lake, inajenga mtaa wake, inaweka lango lake, na haimwulizi jirani njia zake zinaelekea wapi. Mji unaota kama mti. Mdudu aliye kwenye jani hili akitaka kwenda jani la tawi la pili, lazima ateremke mpaka shinani, apande upya.

Na jambo linaloninyima raha ni kwamba hili halifutiki. Nyumba hubomolewa, ghala hugeuka shule, shule hugeuka ukumbi wa harusi. Lakini barabara ikishawekwa, imewekwa. Hapa katikati tunapita bado kwenye njia zilizokanyagwa na watu ambao hakuna anayekumbuka hata sura zao. Kwa hiyo mizunguko yako, Shangazi, wataizunguka na vitukuu.

Kuhusu aliyechora mtaa wako, sijui niseme nini. Wachoraji mara nyingi ni vijana, na vijana wana wakubwa wao. Tuyaache hayo.

Ila mimi nina swali. Umeandika "Mwokaji akacheka", halafu umeweka nukta kubwa kuliko nukta zako zote. Nimeipima kwa rula. Alichekaje?

Mpwa wako,
Penseli


15 Machi

Penseli,

Marahaba. Nakurudishia barua yako ndani ya bahasha hii, nimeisahihisha kwa wino mwekundu. Umepata saba kati ya kumi. Mdudu wa kwenye jani ni mfano mzuri, nimemwekea alama ya vema. Alama tatu umezipoteza kwa kukwepa swali la mwisho. "Tuyaache hayo" si jibu.

Hiyo nukta, kalamu ilivuja.

Baba yako sasa anaendesha baiskeli bila kuanguka, ila hajui kusimama. Anazunguka nyumba mpaka mama yako atoke aishike.

Hapa mambo yamechangamka. Nimenunua ngazi. Ni kwa ajili ya balbu. Lakini kwa kuwa ngazi ipo na ukuta upo, asubuhi huwa naiegemeza pale, napanda vidato vitano, na Mwokaji kwa upande wake anapanda juu ya kreti la chachu, tunasalimiana kama watu wawili waliochungulia kutoka kwenye mifuko. Ni mtu mpole, mgane, miaka tisa sasa. Ana nyusi kama brashi za viatu. Mkate unapita kwenye kapu lenye kamba. Nami sikubali vya bure, kwa hiyo nampa elimu. Huwezi kuamini, Penseli, mtu yule alikuwa anapima unga kwa macho! Nikamchorea jedwali la uwiano, unga, maji, chumvi, nikamteremshia kwa kapu lilelile. Wiki iliyofuata akaniambia, "Bi Rula, mkate umepata adabu." Nilicheka nikakaribia kuanguka. Ngazi ilicheza, wala sikuwa mimi.

Sasa lililo zito. Kiwanja 61 kimeuzwa. Kimechukuliwa na shemeji yake Mwenyekiti wa mtaa wetu, yule mwenye filimbi shingoni anayeamini kila mpita njia ni mwizi ambaye hajapata nafasi. Shemeji anataka kupandisha ghorofa kutoka barabarani hadi ukutani, asibakize hata upenyo wa paka. Nilimfuata Mwenyekiti. Nikamwambia pale ndipo mahali pekee mitaa hii miwili inapoweza kukutana, pakijengwa ndiyo basi tena.

Akasema, "Mama, watu wamehamia huku kwa ajili ya utulivu."

Nikamwuliza, "Na wanaotaka kufika mahali?"

Akasema, "Wana magari."

Mimi sina gari. Wala watoto wanaosoma upande wa pili hawana, wanaondoka na kiza kuzunguka dunia. Kwa hiyo usinielewe vibaya, hili si suala langu binafsi. Ni suala la kanuni.

Nitafutie huyo mchoraji. Nataka kujua kama palikusudiwa njia pale mwisho au la. Ofisi zenu zinajuana.

Shangazi yako


20 Aprili

Penseli,

Siku thelathini na sita. Nimezihesabu.

Baba yako anasema uko mzima, umempigia simu, mkaongea habari za breki. Kwa hiyo mikono unayo na sauti unayo.

Shemeji ameleta vigingi na kamba. Mwokaji amenipitishia kapu leo likiwa na mkate wenye umbo la ngazi. Nimeula kidato kimoja, vingine nimeshindwa. Andika.

Shangazi


2 Mei

Shikamoo Shangazi,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba umekaa. Tafadhali kaa.

Sikukuandikia kwa sababu nimeandika barua hii mara sita na kuichana mara tano. Huyo mchoraji unayemtafuta nimemfahamu tangu mwanzo. Ni mimi.

Kabla sijaajiriwa mipango miji nilifanya kazi mwaka mmoja na nusu kwenye kampuni binafsi ya ramani, wewe ulikuwa unajua "kampuni" tu. Kazi ya tatu kupewa ilikuwa mtaa wako. Nilipochora mara ya kwanza, barabara yako haikuishia pale. Ilinyooka, ikakata ukuta, ikaungana na wenzenu, na kulikuwa na njia nyingine mbili kama hiyo. Nilijivunia. Nikampelekea mkubwa wangu. Akaiangalia kwa muda wa kupiga chafya moja, akasema, "Mteja hataki watu wa kupita, anataka utulivu. Tena hapo mwisho panatoka kiwanja kizima, wewe unampa mpita njia?" Nikachukua kifutio. Shangazi, haikuchukua hata dakika. Nilipuliza vumbi la kifutio, nikaandika 61.

Siku uliponionyesha picha ya nyumba uliyoinunua kwa kiinua mgongo chako, niliitambua hata kabla sijasoma namba. Nikasema "Hongera Shangazi". Ulikuwa na furaha mno. Nikajiambia nitasema kesho, na kesho ikawa miezi kumi na minne. Kila barua yako ilikuwa inanichapa bila wewe kujua, na mbaya zaidi inanichekesha, nacheka huku nimejificha uso.

Lakini kuna kitu. Chini ya Kiwanja 61 linapita bomba kubwa la maji linalotoka mtaa wenu kwenda wa wenzenu. Kwenye ramani kamili niliacha ukanda wa mita nne juu yake, mstari wa vikato vikato, na maandishi madogo: "Pasijengwe. Pabaki wazi." Niliyaandika kwa mkono wangu na yakagongwa muhuri na idara ya ardhi. Kwenye ramani ya wauzaji, ile iliyopakwa rangi na kuwekwa picha za miti, mstari huo haupo. Nenda idara ya ardhi, omba karatasi namba saba. Si ile ya kwanza ya rangi. Namba saba. Wakikuambia haipo, waambie mchoraji wake amesema ipo kabati la kushoto.

Niadhibu utakavyo. Ila usiniandikie kwa wino mweusi wa kawaida kana kwamba mimi ni mgeni.

Penseli


11 Mei

Penseli,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara tatu, mara moja nikiwa nimekaa kama ulivyoagiza.

Nimetafuta kalamu nyekundu nikaikosa, na nadhani ni heri. Nitaandika nikishapoa. Kula vizuri, baba yako ameniambia umekonda.

Shangazi


9 Juni

Penseli wangu, wewe mtoto, wewe,

Nimepoa. Na sikupoa mwenyewe, nimepozwa na zimamoto. Shika kiti.

Kwanza, karatasi namba saba ninayo. Karani aliniambia haipo, nikamwambia kabati la kushoto, akanitazama kama mchawi. Mstari wako wa vikato vikato upo, na mwandiko wako upo, ile "P" yako inayofanana na koleo. Nikaikunja nikasubiri mkutano wa mtaa wa Jumapili.

Lakini Jumamosi saa nne asubuhi nafua, nasikia kelele. Naangalia, moshi mweusi unatoka juu ya ukuta. Bomba la moshi la tanuri la Mwokaji limeshika moto na paa linafuata! Kufumba na kufumbua gari la zimamoto likaingia mtaani kwetu king'ora kikilia, maana moshi unaonekana kwetu na dereva kaufuata moshi. Likafika mbele ya geti langu, likafunga breki. Barabara imekwisha.

Mkuu wao akaruka chini. "Mama, moto uko wapi?"

"Ule pale."

"Njia iko wapi?"

"Hakuna!"

"Tukizunguka?"

"Hatua elfu tano mia nane na thelathini," nikamwambia, "na matuta kumi na moja." Alinikodolea macho. Nikamwuliza, "Mpira wenu una urefu gani?"

"Mita sitini."

"Kutoka hapa hadi mlango wake hazifiki mita thelathini na tano. Piteni kiwanjani!"

Wakapita. Walikanyaga vigingi vya Shemeji, wakafika ukutani, wakatoa nyundo na shoka. Mwenyekiti akaja mbio, filimbi mdomoni, anapuliza. "Huo ukuta ni mali ya jumuiya!" Zimamoto mmoja, kijana wa watu, akasema kwa heshima kabisa, "Mzee, pole, lakini umesimama juu ya mpira." Akaondoka juu ya mpira. Mpira ukajaa kwa ghafla, ukapinduka kama chatu, maji ya kwanza yote yakanipata mimi, kifuani na usoni. Hapo ndipo nilipopoa, Penseli. Nilisimama nimelowa chapachapa, hasira zangu zote kwako nikazitafuta nisizione.

Waliangusha ukuta upana wa mlango. Usiniulize nilifikaje upande wa pili kabla ya wazima moto, goti langu halina maelezo na mimi sina. Nikamkuta Mwokaji amekaa juu ya gunia la unga, nyusi zote mbili zimeungua, kakumbatia trei. Akaniambia, "Bi Rula, imesalimika trei moja." Nami nikamwambia maneno fulani ambayo hayakuhusu. Paa la mbele limeungua, tanuri liko salama. Ingekuwa ile ghorofa imeshasimama pale, tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Jumapili, mkutano. Mwenyekiti anataka tundu lizibwe kwa usalama. Nikafungua karatasi namba saba, nikaisoma kwa sauti ya darasani. Shemeji aliposikia habari ya bomba akamgeukia Mwenyekiti, "Ulitaka nilale juu ya bomba?" Wakaanza wao kwa wao, tukawapisha. Kisha mama mmoja wa nyumba ya kati akasimama kwa ghadhabu. "Nani mpumbavu aliyechora mtaa kama huu?"

Penseli, ukumbi mzima ukaniangalia mimi mwenye karatasi.

Nikasema, "Ni mpwa wangu. Alichora njia, akaambiwa afute, akafuta. Alikuwa na miaka ishirini na tatu. Lakini ndiye huyohuyo aliyeandika 'Pabaki wazi', na ndiye aliyeniambia kabati la kushoto." Yule mama akasema, "Basi mwambie ahsante, na mwambie asirudie." Nakufikishia yote mawili.

Tukapiga kura. Thelathini na nane wanataka njia, watano hawataki. Mwenyekiti alipiga filimbi tu. Wenzetu wa upande wa pili wamekubali siku hiyohiyo, tena wakaleta tingatinga dogo la kuazima.

Hii karatasi ina wino mwekundu, kama unavyoona. Nimeandika yote kwa mwekundu. Wewe si mgeni.

Shangazi yako


30 Juni

Shikamoo Shangazi, shikamoo tena, na ya tatu ni ya Mwokaji na nyusi zake, Mungu aziote upya.

Barua yako niliifungulia kwenye ngazi za ofisi kwa sababu sikuweza kusubiri nifike mezani. Nililia, nikacheka, nikalia, mlinzi akaniletea maji. Mtu wa tarumbeta kapata ile nusu ya pili ya wimbo, na haifai, sote tunaitaka ile ya kwanza peke yake. Mama ameanza kupanda baiskeli nyuma ya baba. Amesema si kwamba amemsamehe, ni kwamba anaelekea njia hiyohiyo.

Nami nina la kwangu. Juzi niliitwa mbele ya madiwani kueleza vipimo vyangu. Nilikuwa nimeandaa takwimu kurasa ishirini. Mwakilishi wa kampuni za ujenzi akasimama, akasema maneno niliyowahi kuyasikia, "Wateja wetu wanataka utulivu." Nikafunga kurasa zangu, nikawaambia habari ya shangazi yangu na mkate. Nikawaambia hatua arobaini na sita, hatua elfu tano mia nane na thelathini. Nikawaambia mchoraji alikuwa mimi. Nikawaambia nilifuta njia kwa dakika moja, na ili kuirudisha ilihitajika moto.

Diwani mmoja mzee akauliza, "Huyo mama alipata mkate mwishowe?" Nikasema anapelekewa kwa kapu. Ukumbi ukaangua kicheko, na kicheko kile kikanipitishia hoja. Kuanzia sasa hakuna mtaa mpya utakaoidhinishwa hapa kwetu kama hauna angalau njia mbili za kutokea, na moja lazima ielekee kwa jirani, hata kama jirani huyo kwa sasa ni shamba la mihogo tu. Ni kwa majaribio, miaka miwili. Mitaa iliyokwisha kujengwa hainufaiki, hilo najua, na linaniuma. Lakini kuna ramani tisa za mitaa mipya zinazosubiri muhuri mezani kwangu, na leo nimezirudisha zote tisa. Nimeandika pembeni kwa wino mwekundu.

Sasa, Shangazi, swali moja. Ulimwambia nini pale juu ya gunia? Kama hutaki kusema, basi jibu jepesi, ndiyo au hapana. Unampenda?

Mpwa wako, asiyerudia,
Penseli


21 Agosti

Penseli,

Marahaba zote tatu.

Ndiyo.

Haya, umefurahi? Sasa nisomee mengine kwa utulivu, maana mimi mwenyewe sina.

Njia imefunguliwa tarehe mosi. Mita nne, changarawe safi, hakuna geti. Siku ya kwanza nilikaa na kiti na daftari nikahesabu waliopita. Mia tatu na kumi na wawili! Penseli, hao watu walikuwa wapi? Tulikuwa tumeishi miaka tumepeana visogo. Yule mama wa nyumba ya kati amegundua kwamba rafiki yake wa utotoni anakaa upande wa pili, nyumba ya tatu, na kila mmoja alidhani mwenzake kahamia mbali. Walipokutana pale katikati walipiga ukelele mbwa wote wakabweka. Watoto wanakwenda shule kwa dakika tisa. Wanachelewa kama zamani, lakini sasa wanachelewa kwa kulala.

Kelele zipo, siwezi kukudanganya. Baiskeli, redio, mtu anayeuza ndoo. Mwenyekiti alinuna wiki nzima. Sasa amejipa cheo cha Msimamizi wa Njia, anasimama pale na filimbi anaongoza watembea kwa miguu, na ameniambia kwa siri kwamba hajawahi kusalimiwa na watu wengi hivi maishani mwake.

Sasa yaliyonifanya niandike. Jana saa moja asubuhi nilikwenda kununua mkate kwa miguu yangu, mlango wa mbele, kama binadamu. Foleni ya watu kumi na nne. Mwokaji kaniona, kataka kunipa mkate kabla ya wengine, nikamwambia hapana, foleni ni foleni. Nikasimama nyuma. Na wakati nimesimama nikamtazama anavyofanya kazi, unga hadi viwikoni, nyusi zimeanza kuota moja imeitangulia nyingine, na kila anayemhudumia anamwuliza habari za nyumbani na anasubiri ajibiwe. Nikajiuliza, Bi Rula, unasubiri nini? Mtu mwenyewe ni mpole, ukimsubiri aseme yeye utafika miaka themanini. Zamu yangu ikafika.

Akasema, "Mkate mmoja au miwili?"

Nikasema, "Nataka kuolewa na wewe. Na mkate mmoja."

Penseli, alisimama na ule mkate hewani. Kisha akasema, "Subiri nizime tanuri."

Akaniacha pale kaunta! Akaingia ndani, nikasikia vyuma vinagongana, kitu kikaanguka, akarudi mbio amevua aproni na kuivaa tena nje ndani. Akashika kaunta kwa mikono miwili, akasema, "Sasa rudia. Nataka kulisikia bila kuwaza moto."

Nikarudia, kwa sauti ya darasani, wa nyuma wasikie.

Akasema ndiyo, mara tatu, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia. Foleni nzima ikapiga makofi, Mwenyekiti akapuliza filimbi mpaka akakosa pumzi, wote walishangilia isipokuwa bibi mmoja wa mwisho kabisa, aliyekuwa na kikapu chake, ambaye alitaka tu kujua kwamba kama tanuri limezimwa, yeye mkate wake ataupata saa ngapi.

Shangazi yako